Mlinzi wa Betri: Jinsi ya Kuunga Kontrola ya Sola Nyumbani



Katika somo hili tutashughulika na jambo moja tu, nalo ni namna ya kuunga kontrola ya sola na betri yake. Habari za paneli zitakuwa chache, kwa kuwa paneli ni kitu kigumu. Ikifungwa vema juu ya mabati yaweza kufanya kazi miaka ishirini na zaidi. Betri sivyo. Betri ndiyo hula fedha nyingi, nayo ndiyo hufa mapema. Mara nyingi haiuawi na uchache wa jua. Huuawa na nyaya zilizofungwa vibaya.

Wengi wetu tunakaa katika mashamba yaliyogawanywa baada ya mpango wa ekari milioni moja kuanza mwaka 1962. Kila mtu alijenga katika ploti yake, karibu na ng'ombe wake na maji yake. Hilo lilikuwa jambo jema kwa kazi ya shamba, lakini liliacha nyumba zikiwa mbalimbali. Waya wa stima ukija, hufika kwanza sokoni na shuleni na kando ya barabara kubwa. Mwenye ploti ya bondeni hungoja. Ndiyo maana nyumba nyingi za mashamba haya zina sola, na hata penye stima watu huiweka kwa ajili ya siku ambazo stima hupotea.

Somo hili si la kukufanya fundi. Kanuni za serikali za mwaka 2012 juu ya mitambo ya sola zilitaka anayefunga mitambo hiyo awe na leseni, na leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, yaani EPRA. Mwambie fundi akuonyeshe leseni yake kabla hajapanda juu ya nyumba. Tunataka somo hili likupe macho ya kukagua, upate kusimama karibu naye na kujua kama kazi inakwenda sawa. Fundi ataondoka jioni, lakini betri itabaki kwako.

KAZI YA KILA KITU

Fikiri juu ya maji ya boma lako. Kuna chemchemi, kuna tangi, na kuna birika la kunyweshea ng'ombe. Paneli ni chemchemi, maana ndiyo hutoa umeme jua likiwaka. Betri ni tangi linaloweka umeme wa mchana hadi usiku. Taa, redio na televisheni ni ng'ombe wanaokuja kunywa.

Kontrola ni mlinzi asimamaye kati yao. Ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia betri isijazwe kupita kiasi. Ya pili ni kuzuia betri isinywewe mpaka ikauka. Mlinzi huyu hana macho. Hujua hali ya betri kwa kupima volti zinazomfikia kwa waya. Shika neno hili, kwa sababu mambo mengi ya somo hili yanatoka hapo: waya ukiwa mbaya, mlinzi hudanganywa.

KWA NINI TUSIUNGE PANELI NA BETRI MOJA KWA MOJA?

Betri ya volti 12 ya risasi na asidi ina vyumba sita, na kila chumba hutoa kama volti 2.1. Ikijaa na kutulia, mita husoma karibu volti 12.7. Paneli iitwayo ya volti 12 kwa kweli hutoa karibu volti 18 ikifanya kazi, na isipoungwa na kitu chochote hufika volti 21 au 22 juani. Imetengenezwa hivyo ili iweze kuisukumia betri umeme hata siku yenye mawingu.

Basi ukiunga paneli na betri bila kontrola, betri itajaa na bado paneli itaendelea kusukuma. Maji ya betri yatachemka na kupungua, mabamba ya risasi yatabaki wazi, na hewa iwakayo moto itatoka. Kontrola nzuri huizuia paneli betri ifikapo kiasi cha volti 14.4, kisha huishikilia karibu volti 13.6 ili ibaki imejaa bila kuchemka.

Upande wa pili, usiku, kontrola huzima taa volti za betri zikishuka hadi kama 11 na nusu au 11, kwa kadiri ilivyotengenezwa. Watu wengi hukasirika hapo na kusema kontrola imeharibika. Haijaharibika. Inafanya kazi yake. Anayeinywa betri mpaka tone la mwisho ni kama mtu akamuaye ng'ombe asimwachie ndama kitu: jioni hiyo anapata kikombe kimoja zaidi, lakini mwakani hana ndama.

HESABU KABLA YA KUNUNUA

Mfano wetu ni nyumba yenye vitu hivi:

Balbu 4 za LED za wati 5, zikiwaka saa 5: 4 × 5 × 5 = 100.
Redio ya wati 10 kwa saa 6: 10 × 6 = 60.
Televisheni ndogo ya volti 12, wati 20, kwa saa 4: 20 × 4 = 80.
Kuchaji simu mbili: kama 20.

Jumla ni 260. Hizo ni wati-saa za siku moja.

Sasa tazama upande wa jua. Paneli ya wati 100 haitoi wati 100 kutwa nzima. Katika siku njema tuhesabu saa 5 za jua kali, kisha tutoe sehemu inayopotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri yenyewe. Ukihesabu kwamba sehemu 65 katika 100 hukufikia, wapata 100 × 5 × 0.65, yaani 325. Inatosha na kubaki kidogo. Lakini mwezi wa Julai katika nyanda za juu, ukungu ukikaa mpaka adhuhuri, huenda saa za jua zikawa 3 na nusu tu. Hapo utapata kama 228, nayo haitoshi 260. Mwezi huo punguza televisheni, au nunua paneli kubwa zaidi tangu mwanzo.

Betri ya ampea-saa 100 na volti 12 huweka wati-saa 1,200. Ya risasi isitumiwe zaidi ya nusu ikiwa wataka ikae miaka, basi hesabu 600. Hizo zatosha siku mbili zisizo na jua.

Kontrola huchaguliwa kwa ampea. Paneli ya wati 100 hutoa kama ampea 5 na nusu. Chukua ampea zilizoandikwa nyuma ya paneli, zile za juu kabisa, uongeze robo yake. Kwa paneli yetu kontrola ya ampea 10 yatosha. Ukikusudia kuongeza paneli ya pili mwakani, nunua ya ampea 20 sasa hivi.

Jihadhari na jambo moja. Paneli kubwa za siku hizi zenye seli 60 au 72 si za volti 12. Zile za seli 72 hufika volti 45 hivi juani. Kontrola ya kawaida, iitwayo PWM, ikiungwa na paneli ya namna hiyo kwa betri ya volti 12 hupoteza nguvu nyingi, na ile isiyostahimili volti hizo huungua. Paneli hizo zahitaji kontrola ya aina ya MPPT, inayogeuza volti nyingi kuwa ampea nyingi. Soma nyuma ya kontrola volti za juu inazoweza kupokea, uzilinganishe na zilizoandikwa nyuma ya paneli.

NYAYA: HAPA NDIPO BETRI NYINGI HUFIA

Katika mtambo wa volti 12, waya mwembamba ni mwizi. Stima ya nyumbani ya volti 240 ikipoteza volti moja njiani, hakuna ajuaye. Volti 12 zikipoteza moja, taa hufifia na betri haijai.

Tuseme paneli iko juu ya paa na kontrola iko mita 8 kutoka hapo. Umeme huenda na kurudi, basi hesabu mita 16. Katika ampea 5 na nusu, waya wa shaba wa 1 hupoteza karibu volti 1.5. Waya wa 2.5 hupoteza karibu 0.6. Waya wa 4 hupoteza karibu 0.4. Kwa safari hiyo tumia 2.5 au 4, usipungue.

Lakini waya ulio muhimu kuliko wote ni ule wa kati ya kontrola na betri. Tulisema kwamba mlinzi hujua hali ya betri kwa volti zinazomfikia. Sasa fikiri kontrola imewekwa sebuleni ili watoto waone taa zake, na betri iko chumba kingine, mita 3 kutoka hapo, kwa waya wa 1. Umeme wa paneli ukipita, waya huo hula kama volti 0.6. Kontrola itasoma volti 14.4 na kudhani betri inakaribia kujaa, kumbe betri yenyewe ina 13.8 tu. Itapunguza umeme mapema kila siku. Betri haitajaa hata siku moja. Chumvi nyeupe ngumu itashika juu ya mabamba ya risasi, na katika muda usio mrefu betri haitaweza kuwasha taa hata saa mbili. Mwenye nyumba atasema ameuziwa betri mbovu, akaenda kununua nyingine, na hiyo nayo itakufa vivyo hivyo.

Sasa chukua waya wa 4 wenye urefu wa mita moja. Kinachopotea ni karibu volti 0.05 tu, na mlinzi huona kweli. Kanuni ni hii: kontrola ikae karibu na betri, isizidi mita moja, kwa waya mnene na mfupi. Wataka kuweka kitu sebuleni? Weka swichi.

Nyaya ziwe za shaba, za nyuzi nyingi zinazopindika. Waya wa chanya uwe mwekundu na wa hasi mweusi, na rangi hizo zisibadilike popote nyumbani. Ukikosa rangi, funga tepu nyekundu kila mwisho wa waya wa chanya. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzifunga kwa karatasi ya nailoni haifai hata kidogo. Penye kiungo kilicholegea huzaliwa joto, na penye joto huzaliwa moto.

FYUZI

Watu husema, "Volti 12 haziwezi kumuua mtu, fyuzi ya nini?" Ni kweli kwamba volti 12 hazikurushi. Lakini betri ya ampea-saa 100, nyaya zake zikigusana, yaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya huwa mwekundu kama makaa, ngozi yake ikayeyuka, na ikiwa unapita kwenye ukuta wa mbao au chini ya dari, nyumba imekwenda.

Fyuzi huzuia hayo. Hukaa kwenye waya wa chanya wa betri, nayo iwe karibu na kichwa cha betri, isiwe mbali zaidi ya shubiri moja. Sababu yake ni rahisi: sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi, basi iwe fupi iwezekanavyo. Kwa kontrola yetu ya ampea 10 na waya wa 4, fyuzi ya ampea 15 yafaa. Fyuzi za magari hupatikana katika maduka ya vipuri, na kikasha chake pia. Nunua tatu, moja ya kazi na mbili za akiba.

Fyuzi ikikatika, usiweke waya wala karatasi ya sigara mahali pake. Fyuzi imekatika kwa sababu fulani. Itafute sababu hiyo kwanza.

MAHALI PA BETRI

Betri ya maji ikichajiwa hutoa hewa iwakayo moto. Iweke penye madirisha au matundu ya kupitisha hewa, mbali na jiko, taa ya mafuta na sigara. Isiwekwe chumba cha kulala, wala mahali watoto wachezapo. Iweke ndani ya sanduku la mbao lenye matundu juu na chini, lililo imara, ili kuku na panya wasipite juu yake. Kontrola ifungwe ukutani kando ya betri. Isiwe juu yake kabisa, kwa maana mvuke wa asidi hupanda na kuila.

Kabla ya kushika spana, vua saa, pete na bangili. Funga mpini wa spana kwa tepu, ibaki wazi ncha tu, isije ikagusa vichwa viwili kwa pamoja. Asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali upesi. Ikimwagika nguoni au mikononi, osha kwa maji mengi vilevile.

HATUA ZA KUUNGA

Hapa simama karibu na fundi utazame. Mpango wake ni huu: betri kwanza, paneli ya pili, taa za mwisho.

1. Zima swichi zote. Paneli isiungwe bado. Ikiwa imekwisha kuwa juani, ifunikwe kwa blanketi, na ncha za nyaya zake zifungwe tepu kila moja peke yake.

2. Toa fyuzi katika kikasha chake. Sasa waya wa betri hauna nguvu.

3. Kaza waya wa hasi na waya wa chanya katika kontrola, penye alama ya betri. Tazama alama + na – mara mbili. Vuta kila waya kidogo kwa mkono. Ukitoka, haukukazwa.

4. Kaza ncha za upande wa pili katika vichwa vya betri, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Vichwa viwe vimesuguliwa vikang'aa.

5. Rudisha fyuzi. Kontrola itaamka, na kioo chake au taa zake zitaonyesha hali ya betri. Huenda ukaona cheche ndogo.

6. Chagua aina ya betri katika kontrola: ya maji, iliyofungwa, ya jeli, au ya lithiamu. Kila moja ina volti zake. Kontrola iliyowekwa kwa betri ya maji yaweza kuiharibu ya jeli kwa kuipa volti nyingi mno. Kijitabu cha betri ndicho cha kufuatwa.

7. Unga nyaya za paneli katika kontrola, penye alama ya paneli. Pima kwanza kwa mita kujua chanya ni upi. Kisha ondoa blanketi. Alama ya kuchaji itawaka.

8. Mwisho unga waya wa taa, penye alama ya balbu. Washa taa moja moja.

Kwa nini betri kwanza? Kontrola nyingi hujitambulisha kwa betri, kwamba hapa ni volti 12 au volti 24, na kutoka hapo hupanga kazi yake. Ukianza na paneli, volti 21 huingia kwa mlinzi asiyejua tangi liko wapi. Huenda akajipanga vibaya, na kontrola nyingine huungua papo hapo au kupitisha volti hizo kwa taa zako.

Siku ya kufungua, rudi nyuma kwa njia ile ile: taa kwanza, kisha paneli, kisha betri. Usitoe betri wakati paneli bado inafanya kazi. Kosa hili hutendeka sana wakati mtu anapotoa betri ili kuwasha trekta au kuipeleka kuchajiwa sokoni.

Tena, usiunganishe waya wa hasi wa paneli na hasi ya betri au ya taa nje ya kontrola. Katika kontrola nyingi upande wa hasi ndio unaofungwa na kufunguliwa. Ukiziunganisha nje, umempita mlinzi bila kujua.

BETRI MBILI

Anayetaka betri mbili, azinunue siku moja, za aina moja, kiwanda kimoja na ukubwa mmoja. Betri mpya ikifungwa pamoja na kuukuu, kuukuu humvuta mpya chini kama ng'ombe mgonjwa aliyefungwa nira na mzima. Ya lithiamu isichanganywe na ya risasi kamwe.

Ukiunga chanya na chanya, hasi na hasi, volti hubaki 12 na ampea-saa huongezeka mara mbili. Katika muungo huu, toa waya wa chanya wa kontrola katika betri ya kwanza, na waya wa hasi katika betri ya pili. Ukitoa zote mbili katika betri moja, hiyo itafanya kazi zaidi na kufa mapema. Nyaya za kuunganisha ziwe nene na za urefu mmoja, na kila betri iwe na fyuzi yake.

Ukiunga chanya ya moja na hasi ya nyingine, wapata volti 24. Hapo sharti kontrola, balbu na redio zote ziwe za volti 24. Usichukue volti 12 katika betri moja ya hizo ili kuwasha redio. Hiyo moja itachoka peke yake na kuharibu zote mbili.

KUMPITA MLINZI

Kosa kubwa kuliko yote hufanywa miezi mingi baada ya fundi kwenda zake. Kontrola huzima televisheni saa tatu usiku, katikati ya mpira. Kijana mwerevu huchukua nyaya mbili na kuiunga televisheni moja kwa moja na vichwa vya betri. Picha yarudi, na wote humsifu. Kesho hufanya vivyo hivyo. Betri hunywewa mpaka chini ya volti 11 kila usiku, na haipati kujaa mchana. Fedha za maziwa zilizokusanywa miezi mingi zimemalizwa kwa ajili ya michezo michache.

Taa zikizimwa mapema kila siku, tafuta sababu: vumbi juu ya paneli, kivuli cha mti uliokua, kiungo kilicholegea, au watu wameongeza vitu vya kutumia umeme. Hata kivuli cha tawi moja juu ya paneli hupunguza umeme sana. Kukata tawi ni rahisi kuliko kununua betri.

Inveta, yaani chombo cha kugeuza volti 12 kuwa 240, ni jambo jingine. Ya wati 300 ikifanya kazi yote huvuta zaidi ya ampea 25. Kontrola ya ampea 10 haiwezi hiyo. Inveta huungwa na betri moja kwa moja, kwa waya wa 10 au mnene zaidi, usiozidi mita moja, na fyuzi yake peke yake kama kijitabu chake kinavyoagiza. Lakini fahamu kwamba hapo kontrola haiilindi betri, na inveta nyingi hungoja volti zishuke hadi 10 na nusu ndipo zizime. Mwenye inveta awe yeye mwenyewe mlinzi, na mita iwe karibu naye.

UTUNZAJI

Nunua mita ndogo ya kupimia volti. Pima betri alfajiri, taa zikiwa zimezimwa kwa saa kadhaa na jua halijaipiga paneli. Betri ya risasi ya volti 12 husoma hivi:

Volti 12.7: imejaa.
Volti 12.4: robo tatu.
Volti 12.2: nusu.
Volti 12.0: robo.
Volti 11.8 au chini: tupu.

Ikiwa kila alfajiri wakuta chini ya 12.2, nyumba yako inakunywa zaidi ya inavyochota. Punguza matumizi mara moja, usingoje.

Kila mwezi kagua maji ya betri isiyofungwa. Maji yafunike mabamba. Ongeza maji ya betri yauzwayo dukani, usiongeze ya mto wala ya kisima, kwa kuwa yana chumvi. Asidi isiongezwe. Futa vumbi juu ya betri, kaza vichwa, na upake mafuta ya mgando ili kutu isishike. Osha paneli asubuhi kabla haijapata joto, kwa maji na kitambaa laini. Sisi tulio karibu na ikweta twailaza paneli kidogo tu, kama digrii 10 au 15, ili mvua iteremke na vumbi.

Betri ya gari isinunuliwe kwa kazi hii kwa sababu ya bei yake. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini. Mabamba yake ni membamba, na ikinywewa kila usiku huchoka upesi. Na betri iliyokufa isitupwe shambani wala kupasuliwa na watoto. Risasi na asidi ni sumu kwa mtu, mifugo na maji. Irudishe kwa mwenye duka anayezinunua kuukuu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni haya pamoja nyumbani au katika mkutano wa chama chenu cha ushirika. Majibu yote yamo katika somo.

1. Kwa nini kontrola iwe karibu na betri, wala si sebuleni?
2. Fyuzi yakaa kwenye waya upi, na umbali gani kutoka kwa betri?
3. Katika kuunga, kipi huanza na kipi humaliza? Na katika kufungua?
4. Nyumba ina balbu 6 za wati 5 ziwakazo saa 4, na redio ya wati 10 kwa saa 8. Yatumia wati-saa ngapi kwa siku? Paneli ya wati 100 yatosha mwezi wa Julai?
5. Alfajiri mita inasoma volti 12.0. Je, betri ina kiasi gani, na utafanya nini leo?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla giza halijaingia, chukua tochi uende ulipo mtambo wako. Tazama kama fyuzi ipo, kama nyaya zimekazwa, na kama kuna waya wowote uliofungwa kwenye vichwa vya betri bila kupita kwa kontrola. Ukiukuta waya huo, na si wa inveta, uondoe usiku huu huu.